Kahraba: umeme wa Waarabu, shanga za bibi

Niwieni radhi kwa ukimya, zamu za usiku zimenibana. Leo nina kisa cha neno moja.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Dubai, mama mmoja alimleta mwanawe wodini akasema ana "kahraba". Neno nalijua: ni umeme. Mamlaka ya umeme na maji ya hapa, iliyoundwa mwaka 1992, kwa Kiarabu ni Hay'at Kahraba wa Miyah Dubai. Basi nikamkagua mtoto mikono, natafuta alama ya kuungua, nikidhani kapigwa shoti. Mama ananishangaa tu! Muuguzi mwenzangu Mwarabu ndiye aliyeniokoa: "kahraba iliyozidi kichwani" ndivyo wengi wanavyokiita kifafa.

Nikalifuatilia neno hilo. Asili yake ni Kiajemi, kah-ruba, maana yake kinachonyakua majani makavu. Ndiyo kaharabu, utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe la manjano. Ukiisugua kwa kitambaa, huvuta vijani vikavu. Wagiriki waliiita elektron, na mwaka 1600 daktari Mwingereza William Gilbert akatoa humo neno la Kilatini electricus, mzazi wa neno la Wazungu la umeme. Waarabu nao baadaye wakaupa umeme jina lao la kaharabu.

Na sisi? Kwetu kaharabu ilibaki kwenye shanga na tasbihi, kama ile ya bibi. Nguvu mpya tukaiita umeme, kwa ule mmweko wa mawinguni. Wakenya wakasema stima, kutoka neno la Kiingereza la mvuke.

Lakini jamani, yule mama hakukosea. Mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger alinasa umeme wa ubongo wa binadamu, akatangaza mwaka 1929. Kifafa ni umeme huo kuchafuka ghafla. Si shetani, wala povu lake haliambukizi.

Sasa yule mdogo wetu mnayemfungia chumbani wageni wakija, mpelekeni hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sawasawa. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni.

Nauli na dawa nitatuma mimi. Nangoja jibu.