"Ana Afya": Kadi ya Kliniki Ilivyotufundisha Kuogopa Wembamba Tu



Hapa Babati mtoto akinenepa hatusemi amenenepa, tunasema ana afya. Mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo, mama anapongezwa mpaka sokoni. Mazoea haya yana historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo ndani ya kadi ya kliniki.

Kadi yenye mstari wa ukuaji ilitokana na kazi ya David Morley, daktari Mwingereza aliyekuwa Imesi-Ile, Nigeria, miaka ya 1950. Alitaka mama auone utapiamlo mapema, kabla mtoto hajazidiwa. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya 1973. Miaka kumi baadaye ukaanza mpango wa lishe Iringa, ukisaidiwa na UNICEF na WHO kwa fedha za Italia. Ulianzia vijiji 168. Siku ya afya ya kijiji mizani inatundikwa, watoto wanapimwa, kisha rangi zinasomwa: kijani salama, kijivu wasiwasi, nyekundu hatari. Utapiamlo mkali ulishuka sana, na mikoa mingine ikauiga mpango huo. Hatuna la kuupunguzia sifa.

Ila angalieni, hatari iliyotafutwa ilikuwa ya chini tu. Mama zetu walilea kwa macho hayo, nasi tukayarithi: kilo zikipanda ni furaha, hakuna anayeuliza zinapanda mpaka wapi.

Mwaka 2006 WHO ilitoa vipimo vipya. Vile vya zamani kwa watoto wachanga vilitoka Marekani, kwa watoto ambao wengi walikunywa maziwa ya kopo. Mtoto wa ziwa la mama alionekana amebaki nyuma, kumbe yuko sawa. Vipya vilichukuliwa kwa watoto walionyonyeshwa wa Brazil, Ghana, India, Norway, Marekani na Oman. Ndiyo, Oman, kwa ndugu zetu wa Muscat! Ile miaka miwili kamili tunayoisoma katika Suratul Baqara ikawa haina haja ya kuonewa shaka na mizani.

Sasa tuseme kama mafundi. Tunaposhona kanzu ya Idi au sare ya chekechea, kuna watoto ambao kiuno kinadai kitambaa cha darasa la tatu, huku urefu tunaupunguza. Fundi akipima kiuno peke yake ataharibu nguo. Mizani peke yake nayo hupotosha hivyohivyo: mtoto mfupi mwenye kilo za kutosha anaonekana yuko sawa kwa umri wake, kumbe amedumaa na amenenepa kwa wakati mmoja. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, na asilimia 4 wana uzito uliozidi. Nne ni ndogo, lakini unene wa utotoni una tabia ya kufuatana na mtu mpaka ukubwani, akiwa na kisukari na presha.

Kwa hiyo ukifika kliniki omba uzito ulinganishwe na urefu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, akivuka mstari wa +2 uzito umezidi, akivuka +3 ni unene uliokithiri. Usimnyime chakula, bado anakua. Mara nyingi kinachotakiwa ni kilo zitulie urefu uzifikie, na muuguzi atakuongoza. Kinachoondoka ni soda, juisi za pakiti na biskuti za kumnyamazishia kilio. Mbaazi zetu, mchicha, samaki wa Ziwa Babati na matunda vibaki. WHO inataka mtoto wa mwaka 1 hadi 4 achezecheze angalau saa 3 kwa siku, na simu mkononi haimsaidii kufika huko.

Mama mkwe akisema unamkondesha mjukuu wake, usijibizane. Mpe kadi mkononi: "Mama, safari hii wamempima na urefu." Wa chini ya miaka 2 hulazwa kwenye ubao, mkubwa husimama bila viatu, na haichukui muda.