HATI ZA KIWANDA CHA FEDHA CHA LONDON

Wasikilizaji, neno shilingi lilitoka Uingereza, likaingia katika fedha za Afrika ya Mashariki mwaka 1921. Leo nataka kuwaeleza habari za shilingi ya kwao wenyewe, na za hati zilizobaki za kiwanda cha serikali kilichoipiga, katika siku za Isaac Newton, yule mwanachuoni aliyeeleza jinsi dunia inavyovuta vitu.

Zamani sarafu za Waingereza zilipigwa kwa nyundo, moja moja, na ukingo wake haukuwa sawa. Mdanganyifu aliweza kuukata kidogo kwa mkasi, akaweka zile chembe za madini ya fedha, kisha akaitumia sarafu kwa thamani yake ile ile. Alianza mmoja, wakafuata wengi. Hata mwaka 1695, zilipopimwa sarafu zilizoingia katika hazina ya serikali, uzito wake ulikuwa karibu nusu tu ya ule uliotakiwa.

Basi mwaka 1696 ikaamriwa kwamba sarafu za kale ziyeyushwe, zipigwe mpya kwa mashine, zenye alama ukingoni, ili ikikatwa moja ionekane mara. Kazi hiyo ilikishinda kiwanda cha London, kilichokuwa ndani ya ngome iitwayo Tower, vikafunguliwa vingine vitano katika miji ya Bristol, Chester, Exeter, Norwich na York. Gharama ilitolewa katika kodi ya madirisha ya nyumba. Walakini maskini ndiye aliyeumia. Wakusanya kodi walizipokea sarafu zilizokatwa kwa thamani kamili, lakini kwa muda uliowekwa tu. Mwenye mali alilipa kodi yake kwa hizo, akaokoka. Kibarua asiyekuwa na kodi ya kulipa zilimbakia mkononi. Kwa maoni yangu, waliotunga sheria ile walipima fedha vizuri kuliko walivyopima watu.

Mwaka huo huo Newton aliwekwa kuwa Mwangalizi wa kiwanda. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuwasaka watu waliotengeneza sarafu za bandia, na hapo kwanza aliomba aondolewe kazi hiyo, maana aliichukia. Ombi lake halikukubaliwa. Ndipo akaishika kwa nguvu zake zote. Kati ya mwaka 1698 na 1699 aliwahoji watu zaidi ya mia moja, na maneno yao yakaandikwa. Humo wamo wafungwa, na wake wa wafungwa, na wapelelezi waliolipwa. Watu wa namna hiyo ni shida kuwaona katika vitabu vya historia, lakini katika hati za kiwanda wasikia mmoja akieleza ni nani aliyechonga muhuri, na mwingine ni nani aliyepeleka fedha za bandia sokoni.

Mkubwa wao alikuwa William Chaloner. Ujanani alijifunza ufundi wa misumari, kisha akawa hodari wa kughushi, akajipatia mali na mavazi ya kifahari. Ujasiri wake ulizidi mpaka. Mwaka 1697 aliwashitaki wakuu wa kiwanda mbele ya Bunge kwamba hawajui kazi, akataka yeye aingizwe ndani ili awaonyeshe njia bora! Newton hakusahau jambo hilo. Alikusanya mashahidi polepole, mmoja baada ya mwingine, hata Chaloner akakosa pa kutokea. Kughushi fedha kulihesabiwa kuwa uhaini, na adhabu yake ilikuwa kifo. Kutoka gerezani alimwandikia Newton barua, akimsihi kwa jina la Mungu amwokoe. Machi 1699 alinyongwa huko Tyburn.

Mwisho wa mwaka huo Newton akawa Mkuu wa kiwanda. Sasa ikawa zamu yake kupimwa. Tangu mwaka 1282 imekuwapo sheria ya kuweka baadhi ya sarafu sandukuni, kisha mafundi wa dhahabu wasiokuwa watu wa kiwanda huzijaribu kwa kuzilinganisha na kibao cha dhahabu kilichothibitishwa. Siku zile upungufu ulipoonekana, Mkuu ndiye aliyedaiwa. Mwaka 1710 mafundi walisema dhahabu ya Newton imepungua kidogo. Alikasirika sana, akaandika hoja nyingi kwamba kosa ni la kibao kipya cha mwaka 1707, ambacho dhahabu yake ilikuwa safi kupita kiasi. Naye alikuwa na haki. Kibao hicho kiliachwa.

Newton alifariki mwaka 1727, na karatasi zake nyingi zikabaki kwa jamaa zake. Mwaka 1936 ziliuzwa kwa mnada London. Zile za kiwanda zilinunuliwa na Lord Wakefield, akazitoa zirudi kwa serikali. Kiwanda chenyewe kilihamia Llantrisant, katika nchi ya Wales, kilikofunguliwa mwaka 1968. Lakini hati zimewekwa Kew, karibu na London, katika nyumba ya kumbukumbu za taifa. Barua ya Chaloner imo humo, pamoja na hesabu za dhahabu na fedha.