Sahihi ya Bwana

Mara nyingi twasikia wanaume wakisema kwamba mke kufanya biashara pasipo ruhusa ya mumewe si desturi ya mababu zetu. Tuchungue kidogo neno hilo lilitoka wapi.

Mwaka 1804 Napoleon alitoa kitabu cha sharia za Wafaransa. Humo mke aliyeolewa hakuweza kununua shamba, wala kuuza, wala kusimama mbele ya hakimu, ila mumewe amekubali. Wabelgiji nao walishika sharia hiyo. Wakaifuta tarehe 30 Aprili 1958. Wafaransa wakampa mke ruhusa ya kuweka feza benki kwa jina lake mwaka 1965. Na sisi je? Tarehe 1 Agosti 1987, miaka 27 baada ya uhuru, Zaire ya siku zile iliandika katika kitabu chake cha sharia za jamaa neno lile lile walilokwisha kuliacha wenyewe! Hata ruhusa iliyotolewa, bwana aliweza kuirudisha. Basi mababu wasisingiziwe.

Sisi tuliokua siku za sharia ile tuliwaona mama zetu wakibeba mabeseni ya sambaza na unga wa mihogo mpaka soko la Kadutu, Bukavu. Jioni walileta chumvi, sabuni, na feza ya shule (ndiyo tuliyosoma nayo, tusisahau). Kuuza beseni hakukutaka karatasi. Lakini aliyetaka kukopa benki au kumshitaki mdeni wake aliulizwa: «Bwana wako yuko wapi? Atie sahihi.» Kama bwana yuko machimboni, au amehamia kwa mke mwingine, mama alibaki na beseni lake. Kweli, sharia ilimwachia njia ya kuomba ruhusa kwa hakimu. Lakini samaki hawangoji hakimu.

Kwa hiyo wakashika likelemba: kila juma wote watoa feza, mmoja azipokea zote. Humo haiulizwi sahihi ya bwana. Lakini feza ya likelemba yanunua magunia mawili matatu, haijengi bohari. Ndiyo maana mwenye beseni ni mama, mwenye lori ni baba.

Ruhusa ile ilifutwa kwa sharia ya tarehe 15 Julai 2016. Sasa mume na mke wapaswa kupatana wote wawili. Hata hivyo mume angali aitwa mkuu wa nyumba. Na mwenye kukopesha huuliza kwanza hati ya kiwanja, nayo, katika nyumba nyingi tunazozijua, imeandikwa jina la baba.