Santuri Hazikufa: Historia Fupi ya Kisanduku cha Fono

Nimeadimika wiki kadhaa, mtanisamehe. Pamoja na kazi za chumba cha habari, kulikuwa na begi la santuri.

Begi ni la mjomba wangu. Ndani yake mna santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi zilichapwa Nairobi miaka ya 1970. Zama zile bendi za Tanzania zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, lakini zikitaka santuri zilitazama Nairobi, kwa kuwa kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuzichapa. Mle yumo Mbaraka Mwinshehe, yule aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Nikatafuta mashine ya mtumba ya kuchezea santuri, nikachomeka waya kwenye tundu la AUX la amplifaya yangu, nikamwita mjomba aje asikilize.

Kilichotoka kilikuwa aibu. Sauti ndogo kama ya mbu ndani ya chupa, besi hakuna, matoazi yanachoma masikio. Fundi mmoja alikuwa ameshaniambia santuri hizi zimekufa, nizitupe. Mjomba alisikiliza nusu ya wimbo, akainuka. "Mpwa wangu, kumbe huu ndio muziki tuliokuwa tunakesha nao? Basi ujana ulitudanganya."

Maneno yale yaliniuma. Nikaanza kusoma, nikakuta santuri hazikuwa na kosa, wala mjomba hakudanganywa na ujana. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nasoma barua iliyoandikwa kwa mafumbo bila kuwa na ufunguo. Ufunguo huo una historia yake, na leo unauzwa kuanzia bei ya viatu hadi bei ya nyumba. Jina lake ni priamplifaya ya fono.

Tuanze na santuri yenyewe. Sauti huandikwa kama mchirizi unaoyumba kushoto na kulia. Sauti nzito huyumbisha mchirizi sana. Ukiiandika kama ilivyo, mchirizi mmoja utaingia kwa jirani yake, na santuri itabeba dakika chache tu. Sauti za juu nazo huyumba kidogo mno, kiasi cha kufunikwa na mkwaruzo wa sindano. Kwa hiyo wakataji wa santuri walifanya ujanja: walipunguza besi, wakakuza sauti za juu. Anayecheza santuri alipaswa kugeuza hesabu hiyo, arudishe besi na kushusha zile za juu. Hapo muziki unarudi sawa, na mkwaruzo unashuka pamoja na sauti za juu.

Tatizo ni kwamba kila kampuni ilikuwa na hesabu yake. Columbia ilipoleta santuri ya LP ya mizunguko 33⅓ mwaka 1948, na RCA ikajibu mwaka 1949 kwa ile ya mizunguko 45, mnunuzi aliletewa ugomvi wa makampuni mpaka sebuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Saul Marantz wa New York aliunda priamplifaya nyumbani kwake, yenye swichi za kuchagua hesabu ya kampuni hii au ile. Aliyetaka kusikiliza vizuri alipaswa kujua kwanza nani kaichapa santuri yake.

Mwaka 1954 chama cha makampuni ya santuri ya Marekani, RIAA, kikapitisha kanuni moja, na taratibu dunia ikaifuata. Kanuni hiyo inageuka katika alama tatu: hezi 50, hezi 500 na hezi 2,122. Ukilinganisha na katikati, kifaa chako kinatakiwa kukuza besi ya chini kabisa karibu mara 9, na kupunguza sauti za juu kabisa hadi kama moja ya kumi. Sasa unaelewa kwa nini AUX ilinitia aibu. Tundu lile halifanyi hesabu hii hata kidogo.

Kazi ya pili ya kisanduku ni kukuza nguvu. Mashine ya CD hutoa kama volti 2. Katriji ya sumaku inayotembea, aina iliyo kwenye mashine nyingi za kawaida, hutoa kama milivolti 5, yaani sehemu moja ya mia nne. Kisha ipo aina ya koili inayotembea, inayopendwa na wenye masikio makali na mifuko mirefu. Denon DL-103, iliyobuniwa Japani miaka ya 1960 kwa ajili ya utangazaji wa NHK, hutoa milivolti 0.3 tu. Sauti ndogo kiasi hicho ukiikuza mara elfu moja, mvumo wa umeme wa nyumba nao unakuzwa mara elfu moja. Vita ya mafundi wakubwa imekuwa hapo: kukuza mnong'ono bila kukuza uchafu.

Wakati huo mashujaa walikuwa wa valvu. Marantz Model 7 ya mwaka 1958 ilikuwa na valvu sita, na mpaka leo watu wanaitafuta kama mali ya urithi. Zikaja transista, na mengi yakawa rahisi. Lakini sikilizeni hili. Mwaka 1979, Stanley Lipshitz wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, alichapisha hesabu kamili za saketi za RIAA, akaonyesha kwamba saketi nyingi zilizokuwa zikitumika zilikosewa, kwa sababu wabunifu walipanga rezista na kapasita kana kwamba haziathiriani. Miaka 25 baada ya kanuni kupitishwa! Mtu angeweza kulipa fedha nyingi kwa kisanduku cha kupendeza, na bado akasomewa vibaya.

Mwaka 1982 CD ikaingia sokoni. Miaka ya 1990 viwanda vikaanza kuondoa tundu la fono kwenye amplifaya za kawaida ili kubana gharama. Kitu kilichokuwa haki ya kila sebule kikageuka kisanduku cha kununua peke yake, na kwa matajiri kikawa pambo. Santuri zikafufuka: mwaka 2022 huko Marekani ziliuzwa takribani milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza kuizidi CD kwa idadi tangu 1987. Ndiyo maana leo vipo visanduku vya makumi ya maelfu ya dola.

Je, fedha hizo zinanunua nini? Kwa niliyojifunza, maswali ni manne. Katriji yako ni ya aina gani, na kisanduku kinaikuza kiasi kinachoitosha? Kinampa mzigo unaomfaa, yaani omu 47,000 kwa ile ya sumaku, na mara nyingi kama 100 au zaidi kwa ile ya koili? Kimya chake ni kimya kweli? Na hesabu ya RIAA inafuatwa kwa usahihi? Baada ya hapo, valvu au transista ni suala la ladha, na sehemu kubwa ya bei ya juu ni sanduku la alumini na jina la mtengenezaji.

Lipo swali la tano, na kwetu sisi ndilo zito. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, akafariki mwaka 1950. Hakuna santuri yake hata moja iliyokatwa kwa kanuni ya 1954. Santuri za umeme za mizunguko 78 za zama zake kwa kawaida zilipunguzwa besi, lakini sauti za juu hazikukuzwa. Ukizipitisha kwenye RIAA, kisanduku kinashusha sauti za juu ambazo hakuna aliyezipandisha. Mama wa watu anaonekana anaimba chini ya blanketi. Tena zinataka sindano nene, karibu mara tatu ya ile ya LP.

Tumezoea kusema "teknolojia ya zamani ilikuwa duni" kila tukisikia rekodi hizo mtandaoni. Ndiyo, ilikuwa na mipaka yake. Lakini ni mara ngapi tumewahukumu wazee wetu kwa kosa la aliyekaa kwenye mashine jana? Anayehifadhi urithi huu anahitaji kisanduku chenye swichi za kubadili hesabu, kama alivyofanya Marantz, kabla hajahitaji kile cha bei ya nyumba.

Mimi sikununua cha bei ya nyumba. Mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa fundi mitambo wa redio, aliniuliza swali moja tu: "Umepitisha kwenye fono?" Nikasema hapana, shikamoo. Akacheka, akaniazima kisanduku cheusi kisicho na urembo wowote.

Jumamosi nikamrudisha mjomba kitini. Besi ilipoingia hakusema kitu. Aliupiga mguu chini mpaka wimbo ukaisha, akageuza santuri mwenyewe, akaniambia nisiguse.

Kama kwenu kuna begi chini ya kitanda, msilitupe. Ulizeni kwanza lilisomwa kwa ufunguo gani. Alamsiki.