Tela la kambi

Tela la kambi ni chombo kisicho na injini kinachovutwa na gari ili kubeba mahema, chakula, maji na vifaa vya kulala. Katika kaskazini mwa Tanzania linaweza kuvutwa na magari kama Toyota Land Cruiser na Land Rover, ambayo pengine huinuliwa kwa springi ndefu na matairi makubwa ili yapite kwenye mawe na matope.

== Kuunganisha ==
Gari likiinuliwa, ndoano ya kuvutia hupanda pia. Sehemu ya mbele ya tela huelekea juu, uzito huhamia nyuma, na tela huanza kuyumba hadi kuweza kupindua gari. Kwa hiyo hutumika ndoano iliyoshushwa ili tela likae sawa na ardhi. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela hulala juu ya ndoano. Mizigo mizito huwekwa karibu na ekseli.

== Njia ya Ngorongoro ==
Mji wa Karatu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro takriban mita 2,300. Baada ya lango la Lodoare barabara hupanda kwa kona nyingi msituni. Wakati wa kurudi dereva hutumia gia ndogo ili breki zisipate moto na kushindwa. Tela zito huhitaji breki zake lenyewe.

Kambi ya Simba iko ukingoni, hivyo tela linaweza kubaki huko wakati gari linashuka kretani, takriban mita 600 chini.