Tiketi ya treni: nani amelipa, nani amehesabiwa

Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo ya SNCC ilitoka kwenye reli karibu na kijiji cha Buyofwe, jimbo la Lualaba, kilomita 200 hivi kutoka Kolwezi. Ilikuwa inavuta mabehewa 15. Wakubwa walitangaza kwanza watu 60 waliofariki, kisha hesabu ikapanda mpaka 75, na majeruhi zaidi ya mia moja. Kufuatana na sheria za reli, hakuna hata mmoja wa abiria hao aliyepaswa kuwa ndani ya treni ile. Katika taarifa waliitwa « clandestins », ni kusema abiria wa kujificha, wasiokuwa na tiketi.

Neno hilo ni nusu tu ya ukweli. Mama mwenye mifuko ya mahindi na watoto wawili hajifichi juu ya behewa. Kila mtu anamuona. Na mara nyingi amelipa: ametoa pesa mkononi, gizani, kwa mtu ambaye hakumpa karatasi yoyote. Kitu kinachomkosekania ni ile karatasi, na historia ya karatasi hiyo katika Kongo ni ndefu kuliko watu wanavyofikiri.

Reli za mashariki zilijengwa kipande kwa kipande, pale ambapo maporomoko yalizuia mashua. Stanleyville mpaka Ponthierville, leo Kisangani na Ubundu, ilimalizika mwaka 1906. Kindu mpaka Kongolo, 1911. Kabalo mpaka Albertville, ambayo leo ni Kalemie, 1915. Upande wa kusini treni ilifika Elisabethville mwaka 1910 ikitokea Rhodesia, na Bukama mwaka 1918. Reli hizo zilijengwa kwa ajili ya shaba, mawese, pamba na askari. Mtu alikuja nyuma ya mzigo, na mtu mweusi alikuja nyuma kabisa, katika mabehewa ya daraja la chini.

Wakati wa Wabelgiji, kontrolere hakuangalia pesa peke yake. Mtu aliyetaka kukaa mbali na sheferi yake kwa muda mrefu alipaswa kuwa na ruhusa ya wakubwa, na baadaye kitabu cha utambulisho. Aliyekuwa na tiketi bila ruhusa alikuwa na shida, sawa na aliyekuwa na ruhusa bila tiketi. Ulipaji wa safari na ulinzi wa watu vilikwenda pamoja, na ndiyo sababu wazee wengi walimuogopa mtu wa kofia ya reli kama walivyomuogopa polisi.

Kulikuwa pia na wale waliosafiri bila kununua kitu. Kuanzia mwaka 1925, Union Minière ilitafuta wafanyakazi mpaka Ruanda-Urundi. Walivuka ziwa Tanganyika, wakapanda treni Albertville mpaka Kabalo, wakachukua mashua kwenye Lualaba mpaka Bukama, kisha treni tena mpaka migodini. Reli ya kuunganisha Kabalo na Kamina haikuwepo bado; ilikuja mwaka 1956. Kampuni ndiyo iliyolipa. Lakini kila mtu alikuwa kwenye liste: jina, kijiji, shefu wake. Liste hiyo ilikuwa ya kumfunga zaidi kuliko ya kumsaidia, hilo halina ubishi. Hata hivyo, mtu akifia njiani, kulikuwa na mahali jina lake liliandikwa.

Mwaka 1974 serikali ya Mobutu iliunganisha kampuni za reli kuwa moja, SNCZ, ambayo leo inaitwa SNCC. Treni za abiria zilikuwa na dirisha la kuuza tiketi, mlango wa kuingilia, na kontrolere wa kupita behewa kwa behewa. Halafu vipuri vikakosekana, bei zikaruka kila juma, mishahara ikachelewa miezi mingi. Kontrolere ambaye hajalipwa anaona abiria asiyekuwa na tiketi kwa jicho lingine. Hapo ndipo pesa ya safari ilianza kupita pembeni ya dirisha. Si kwa sababu watu wa reli ni wabaya kuliko wengine. Mtu mwenye kofia ya serikali na sufuria tupu nyumbani atafanya nini?

Kisha ikaja miaka ya 1992 na 1993, ambayo familia nyingi haziwezi kuisahau. Baada ya Étienne Tshisekedi kuchaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Kitaifa, mwezi Agosti 1992, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kutoka miji ya Shaba, jina la Katanga wakati ule. Maelfu kwa maelfu walikimbilia kwenye gare ya Likasi, na baadaye ya Kolwezi, wakalala pale na magodoro, sufuria na wagonjwa wao, wakingoja treni. Wengine walingoja majuma, wengine miezi. Watu walikufa kwenye gare na wengine walikufa ndani ya mabehewa, kwa kuharisha, kwa surua, kwa kuchoka. Baba aliyezaliwa Likasi, aliyesoma Likasi, alipanda treni kwenda Mwene-Ditu au Kananga, mahali ambapo labda hakuwahi kufika. Kwa familia iliyofukuzwa, swali la nani amelipa lilikuwa na maana gani?

Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998, njia ya kwenda Kindu ilikatika kwa miaka. Tangu treni iliporudi, watu wamekuwa wengi kuliko nafasi. Mwezi Agosti 2007, karibu na Benaleka, Kasai, treni iliyokosa breki ilianguka na watu kama mia moja wakafa. Wengi walikuwa wamekaa juu ya paa. Aprili 2014, karibu na Kamina, treni ya mizigo: waziri wa mambo ya ndani alitaja vifo 48, na hesabu ikaendelea kupanda. Septemba 2019, Mayibaridi, jimbo la Tanganyika, treni ya mizigo tena: waziri alitangaza vifo 50.

Kwenye mabasi mambo ni tofauti, kwa sababu moja nyepesi. Konvoyeri wa basi ndogo anasimama mlangoni, anakusanya pesa ingali njiani, na jioni dereva anapaswa kumpa mwenye gari kiasi chake. Akimsahau abiria mmoja, ni yeye anayelipa. Ndiyo maana Goma au Bukavu ni vigumu sana kusafiri bure, na makelele hayaishi. Serikali ilipoanzisha Transco Kinshasa mwaka 2013, na basi zake kubwa, ililazimika kuweka watu wa kuuza tiketi na wengine wa kuwakagua hao wanaouza. Lakini basi ina mlango mmoja au miwili. Treni ya mizigo iliyosimama usiku porini haina mlango. Ina pande mbili na paa.

Kila baada ya ajali wakubwa wanasema jambo moja: abiria wa kujificha watakatazwa. Mwaka 2022 walisema vilevile. Lakini mtu wa SNCC mwenyewe alikubali kwamba wakati ule hapakuwa na treni ya abiria kwenye njia ile. Aliyetaka kulipa kwa dirisha hakuwa na dirisha. Barabara ya mvua inachukua siku nyingi, lori ni ghali, na njiani kuna vizuizi, kila kimoja na bei yake.

Kwa wenye kubaki, ukosefu wa karatasi unaendelea kuuma. Aliyekufa na tiketi ni abiria: reli inajua alipanda wapi na alikuwa anakwenda wapi, na familia inaweza kudai. Aliyekufa juu ya behewa la mizigo, wa kumtambua ni yule anayejua nguo zake. Kama alikuwa mhamishwa, aliyeacha kijiji kilichochomwa na ndugu waliotawanyika Nyunzu, Kongolo na Kalemie, inawezekana hakuna aliyejua kwamba amepanda treni usiku ule.