Shairi la kale, tuni ya Ulaya: Somo kwa kwaya za Kasulu na Kibondo

KATIKA makanisa ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, waumini huimba zaburi zilizotungwa kwa Kiebrania zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Maneno ni ya Kiswahili au Kiha, na mara nyingi tuni ni za Ulaya. Hata hivyo, safari hiyo ya shairi kupita lugha mbili au tatu kabla ya kuimbwa si ya Buha pekee.

Mwaka 1913 mtunzi wa Kirusi, Igor Stravinsky, alikamilisha nyimbo tatu fupi za sauti ya soprano na vyombo vichache. Maneno yake yalikuwa mashairi ya kale ya Kijapani yaliyofasiriwa kwa Kirusi. Mmoja wa washairi hao, Yamabe no Akahito, aliishi katika karne ya nane. Kati ya 1928 na 1932, Dmitri Shostakovich naye alitunga nyimbo sita za sauti ya tena na okestra kwa mashairi ya Kijapani.

Ushairi wa Kijapani, kama wetu, hupimwa kwa mizani. Shairi la aina ya waka lina mizani 31 katika vipande vya 5, 7, 5, 7 na 7. Mshororo wa shairi la Kiswahili kwa kawaida una mizani 16, nane kila upande. Stravinsky aliona kuwa Kijapani hakina mkazo mzito kama Kirusi. Kwa hiyo aliyapanga maneno makusudi ili mkazo wake usiangukie pigo zito la muziki.

Lililofanywa na Stravinsky kwa makusudi huwatokea wafasiri wetu bila kutaka. Tuni maarufu ijulikanayo kama ya Zaburi ya 100, iliyochapishwa Geneva mwaka 1551, ina mistari minne ya silabi nane. Hesabu hiyo inalingana na nusu ya mshororo wa Kiswahili, lakini kila mstari huishia kwenye pigo zito, ilhali mkazo wa Kiswahili huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hilo si dogo: neno "barabara" humaanisha njia au "sawasawa", kutegemea mahali mkazo ulipo.

Kwa Kiha ugumu huzidi. Lugha hiyo, iliyo jirani ya Kirundi na Kinyarwanda, ina toni. Sauti kupanda au kushuka huweza kubadili maana ya neno. Tuni iliyotungwa kwa lugha isiyo na toni hupanda pale ambapo neno lataka kushuka, na msikilizaji hubaki kuikisia maana kutokana na muktadha. Kwa kijana wa mjini anayesikia Kiha kanisani tu, wimbo wa namna hiyo humfundisha lugha iliyopinda.

Hata hivyo, wimbo wa mtindo wa kigeni huweza kuwa wa wenyeji. Tuni ya "Mungu Ibariki Afrika" ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, kwa mpangilio wa sauti nne kama tenzi za kanisani. Maneno yake ya awali yalikuwa ya Kixhosa. Tanganyika iliupokea kwa Kiswahili katika uhuru wa 1961.

Njia ya pili ni kuanza na maneno, kisha kuyatafutia tuni. Padri Stephen Mbunga, Mtanganyika, aliandika kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, mwaka ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu matumizi mapana ya lugha za wenyeji katika ibada.

Kwa mwalimu wa kwaya, kipimo ni chepesi: asome ubeti kwa sauti ya mazungumzo, kisha auimbe. Pale wimbo unapolivuta neno hadi likawa jingine, kinachopaswa kubadilishwa ni tuni, au tafsiri itafutiwe neno lingine.